Massey Ferguson 135 au Ford 5000: trekta gani la zamani ulichukue ukalifufue

Wakulima wenzangu, swali hili linarudi kila msimu ukikaribia. Mtu kauza mazao kapata hela kidogo, trekta jipya haliwezi, na kuna mzee mahali anauza Massey 135 imelala chini ya mwembe, halafu kijiji cha pili kuna Ford 5000 imesimama tangu haijulikani lini, sasa achukue ipi. Nimeshika zote mbili, na nazipenda zote mbili, kwa hiyo sina upande. Ila jibu langu lipo na nalitoa mapema, kama hili ndo trekta lako la kwanza kulifufua basi chukua Massey. Ford 5000 ni ya mtu mwenye udongo mzito, eka nyingi, na ambaye amekagua bloku mpaka akaridhika. Sababu zake nyingi haziko pale watu wanapoangalia, maana wengi wanaangalia rangi na tairi halafu wanasikiliza injini ikinguruma basi hela inatoka.

Kwa wasiozijua vizuri. Massey Ferguson 135 ilitoka mwishoni mwa 1964, nyingi zilizofika huku zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kiwanda cha Banner Lane, ikaendelea mpaka katikati ya miaka ya 70. Ukoo wake unaanzia kwa mvumbuzi Harry Ferguson mwenyewe na lile trekta dogo la kijivu TE20 la 1946, ambalo ndo lilisambaza ule mfumo wa mikono mitatu ya nyuma unaouona leo kwenye karibu kila trekta. Injini yake ya dizeli ni Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5, hospawa kama 45. Ford 5000 nayo ilitambulishwa 1964, zikatengenezwa Basildon Uingereza, Antwerp Ubelgiji na Marekani kwenyewe mpaka 1975. Silinda nne, zile za mwanzo lita 3.8 na hospawa kama 65, halafu kuanzia 1968 ikaja ya lita 4.2 ikapanda mpaka kwenye 75. Kwa nguvu tu hazilingani, hilo lijulikane mapema, lakini ndo mbili ambazo mtu anakutana nazo kwenye mashamba ya zamani, kwenye misheni na nyuma ya magodauni ya vyama vya ushirika, kwa hiyo ndo anazochagua kati yake.

Injini: slivu dhidi ya bloku tupu

Hapa ndo tofauti kubwa ilipo na kwa nje huioni kabisa. Perkins ya Massey ina slivu, yaani ganda la chuma ambalo pistoni inatembea ndani yake, ikilika unaitoa kwa presi, unaweka slivu mpya na pistoni mpya na ringi mpya, injini imerudi saizi yake ya kiwandani hata kama huko nyuma imeshafanyiwa oveholi mara tatu na watu watatu tofauti. Ford haina slivu, pistoni inatembea kwenye bloku lenyewe. Ikilika inabidi bloku zima liende kwa mkerezaji, anapanua tundu anaweka pistoni ya ovasaizi ya 20, mara nyingine ya 30, mwisho 40, hizo ni elfu za inchi, na kila akipanua ukuta unazidi kuwa mwembamba. Sasa trekta lenye umri wa miaka 50 na zaidi wewe hujui limeshapanuliwa mara ngapi mpaka ufungue silinda hedi usome namba juu ya pistoni, na ukikuta 40 ujue njia iliyobaki ni kutafuta karakana ya kulipigia slivu silinda zote nne, na karakana inayofanya kazi hiyo kwa usahihi haiko kila mji.

Na bloku la Ford lina ugonjwa wake ambao mafundi wa zamani wanaujua. Ukuta wa silinda unaliwa kutokea upande wa maji. Pistoni ikipiga kazi ukuta unatetemeka, vipovu vidogo vinatokea kwenye maji vinapasukia kwenye chuma, miaka ikienda vinachimba vitundu mpaka vinatokeza ndani ya silinda. Dawa yake ilikuwa kuweka kulanti yenye kizuia kutu, lakini matrekta yetu yamekunywa maji ya mtoni na ya bwawani maisha yao yote, kwa hiyo ugonjwa huu huku ni wa kawaida. Namna ya kuupima haihitaji kifaa. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa, mwambie mwenye trekta asiliguse tangu jana yake, halafu legeza plagi ya chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taratibu kwa spana, usiitoe, ilegeze tu mpaka kitu kianze kudondoka. Maji ni mazito kuliko oili kwa hiyo usiku kucha yameshuka chini, kama yamo yatatangulia yenyewe, tone la kwanza na la pili unaliona ni jeupe na jepesi kabla oili nyeusi haijafuata. Ukiona hivyo, na mfuniko wa rejeta ukiufungua injini ikiwa bado baridi kisha ukaiwasha unaona vipovu haviishi, inawezekana ni gasketi ya hedi tu, lakini wewe weka bei yako kama vile bloku limetoboka. Muuzaji akikataa, mwachie trekta lake.

Massey haina dhambi hiyo lakini ina zake. Sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, kwenye injini za mwanzo ni ya kamba, siyo ya mpira, ikichoka oili inatoka inaingia kwenye klachi, klachi inaanza kuteleza, mtu anabadilisha diski kila msimu na ugonjwa uko palepale. Kwa hiyo ukikuta oili inadondoka pale katikati, chini ya sehemu injini inapoungana na gia boksi, jua utalifungua trekta katikati, yaani kutenganisha injini na gia boksi, na ukilifungua fanya vyote siku hiyohiyo, sili, klachi zote mbili, beringi ya klachi na ile ndogo ya mbele, usirudi tena huko. Na ndugu zangu, kabla ya kulifungua trekta katikati, liwe Massey liwe Ford, gonga kabari za mbao pande zote mbili kati ya eksili ya mbele na injini. Eksili ya mbele inabembea kwenye pini moja tu, ukishafungua boliti za nyuma injini nzima inaweza kulala ubavu, na mtu anayekuwa chini hapo hana pa kukimbilia. Mbao mbili tu, mtu asikwambie hamna muda.

Kitu kingine kwa zote mbili, ile kupumua. Washa, iache ipate moto, fungua mfuniko wa kujazia oili. Moshi kidogo unaopepea sawa, trekta ni la zamani. Moshi unaotoka kwa kusukumwa, phu phu phu, unaupeleka mkono unahisi upepo, hiyo ringi na silinda zimekwisha, na kwenye Massey hilo ni jambo la kununua seti nzima ya slivu na pistoni, kwenye Ford rudi ukasome aya ya kwanza ya sehemu hii.

Pampu ya dizeli

Massey inatumia CAV DPA, ile ya kuzunguka. Nzuri, ndogo, na fundi wa pampu yeyote wa Morogoro, Babati, Kitale au Mbeya ameshaifungua. Ubaya wake inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, hakuna oili nyingine. Dizeli ikiwa na maji au ya kuchanganywa na mafuta ya taa, zile sehemu zinazosuguana ndani zinachanika na injini inaanza kuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, ikiwa baridi inawaka vizuri kabisa. Dalili hiyo ishike, muuzaji mjanja atakuonyesha trekta likiwaka baridi asubuhi kisha atalizima aseme si umeona. Mwambie alime nalo nusu saa, azime, awashe tena.

Ford 5000 nyingi zina Simms Minimec, ile ya kupanga mstari, kila silinda na pampu yake. Hii ina oili yake yenyewe chini, inavumilia dizeli mbaya kuliko ile ya Massey, nimeona zinazofanya kazi ambazo kwa nje ungedhani ni skrepa. Lakini oili hiyo inatakiwa ibadilishwe, watu hawajui hata kama ipo, dizeli inavuja inaingia humo inaifanya nyepesi, na siku ikifa kabisa mafundi wanaoijua vizuri ni wachache na spea zake za kutafuta. Kwa hiyo hapa nawapa sare, Ford kwa uvumilivu, Massey kwa kutengenezeka.

Haidroliki na nyuma kwa ujumla

Hapa naomba msome taratibu maana ndipo hela zinapopotelea. Injini unaweza kuifanyia oveholi ikarudi. Nyuma ya trekta, gia, difu, haidroliki yaani mfumo wa oili unaonyanyua jembe, huko ndo kunaamua kama ulinunua trekta au ulinunua chuma. Mtu akinipigia simu aniulize nikague nini, namwambia injini iache iwe ya mwisho.

Kwenye Massey 135 pampu ya haidroliki imezama ndani kabisa ya nyumba ya nyuma, kwenye oili ileile ya gia. Ni pampu ya pistoni nne, kazi nzuri sana ya wale wazee, na ndo inayofanya ule ujanja wa Ferguson, jembe likikutana na udongo mgumu mkono wa juu unasukumwa, valvu inahisi, jembe linanyanyuka kidogo lenyewe na uzito unahamia kwenye tairi za nyuma. Trekta jepesi la tani moja na nusu linalima kama zito kwa sababu ya kitu hicho. Lakini ukitaka kuifikia unatoa kiti, unanyanyua mfuniko wote wa haidroliki kwa cheni bloku, unachomoa kwa nyuma shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine unazofunga, unatoa zile pini mbili za ubavuni zinazoishika, ndo pampu inatoka. Siyo kazi ngumu ila inataka usafi ambao gereji zetu za chini ya mti hazina, punje moja ya mchanga ikiingia kwenye valvu umerudi mwanzo.

Kuipima, funga jembe, nyanyua, iangalie. Ikipanda kwa kurukaruka, inapanda inashuka kidogo inapanda tena, kuna kuvuja ndani, mara nyingi ni sili ya pistoni ya kunyanyulia au valvu, siyo mwisho wa dunia. Kisha zima injini jembe likiwa juu ukae pembeni uongee na mwenye trekta mambo mengine. Likishuka hamjamaliza hata salamu, kata bei. Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili ya nyuma, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, na maji yakikaa humo miaka beringi zote za gia zimeota kutu, hapo hata kama injini inaimba mimi siichukui.

Ford 5000 ilifanya tofauti, pampu yake ya kunyanyulia ni ya gia na imefungwa kwa nje ubavuni mwa injini, inaendeshwa na injini moja kwa moja. Ikifa unafungua boliti na paipu zake unaishusha, nusu siku umemaliza. Kwa mtu anayefanya kazi mwenyewe hii ni raha kubwa, na jembe linanyanyuka hata ukiwa umekanyaga klachi mpaka chini. Kwenye Massey pampu inategemea klachi, kama imefungwa ile ya hatua mbili sawa, ukikanyaga nusu gia inaachia na haidroliki inaendelea, lakini nyingi mtu alishaharibu urekebishaji wake na ukikanyaga kila kitu kinasimama.

Breki nazo ziko hivyohivyo, Ford ni diski zilizozama kwenye oili, zinadumu muda mrefu sana ila kuzifikia ni kufungua eksili. Massey ni za dramu kavu, unatoa tairi na dramu unabadilisha bandi mwenyewe nyumbani, tatizo sili ya eksili ikivuja oili inakuja juu ya bandi na breki ya upande mmoja inakuwa haipo.

Gia sitakaa sana. Ford ya kawaida ina nane mbele mbili nyuma, imara. Kuna zilizokuja na Select-O-Speed, ile ya kubadilisha bila klachi, kama huna fundi aliyewahi kuifungua ipite mbali. Massey ni sita mbele mbili nyuma, na baadhi zina Multi-Power, kale ka swichi ka kuongeza na kupunguza mwendo ukitembea. Nasema hili kwa watu wa Mbulu, Lushoto, Mbinga, popote penye milima, Multi-Power ikiwa kwenye upande wa polepole injini haishikilii trekta kwenye mteremko, linateleza kama umeweka nyutro. Na tela la mahindi nyuma hapo ni hatari kubwa. Weka upande wa haraka kabla hujaanza kushuka, na dereva yeyote unayempa trekta mwambie kabla hujampa ufunguo.

Udongo wako unasemaje

Massey 135 ni ya plau ya diski mbili. Udongo wa kichanga diski tatu inaweza, lakini ukiilazimisha kwenye mfinyanzi mweusi utaiua klachi. Ni trekta la eka zako na za majirani wawili watatu, kupiga haro, kupanda, kuvuta tela, kusukuma mashine ya kupukuchua mahindi. Dizeli inakunywa kidogo kuliko Ford, hilo halina ubishi. Mbele ni nyepesi kwa hiyo kamwe usifunge mnyororo juu ya eksili ya nyuma ukavuta kisiki, linasimama wima na kukulalia haraka kuliko mguu wako utakavyofika kwenye klachi. Funga chini kwenye droba, kile chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma.

Ford 5000 inavuta diski tatu bila kulalamika, inafungua shamba jipya, inafaa mtu anayelima eka za kukodisha Kiteto au Mbarali ambako mvua ikinyesha una siku chache na kila mtu anakuita. Udongo wetu tusiuchezee, ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa ulioanza 1947 ulikuwa na mashine nzito za kila aina, zikiwemo zilizotoka vitani, na ardhi ikikauka ilikuwa ngumu mpaka majembe yakawa yanaisha. Kama shamba lako liko hivyo hospawa 45 zitakuchosha, na hapo ndo nakubali mtu achukue Ford pamoja na ugonjwa wake wa bloku.

Ila hesabu na tairi. Massey inakaa kwenye tairi za nyuma ndogo, 12.4-28 au zile 11-28, Ford inataka kubwa zaidi, na jozi ya tairi kubwa mpya inaweza kukugharimu kuliko oveholi uliyokuwa unaiogopa. Nyufa za pembeni ya tairi zikaguliwe kabla ya bei.

Spea

Hapa Massey inashinda na haina mshindani. Injini yake iliendelea kutumika kwenye Massey 240 ambazo zimejaa Afrika Mashariki, na kina Millat wa Pakistan na TAFE wa India wamekuwa wakitengeneza ukoo huu kwa miaka mingi, Waturuki nao, kwa hiyo ukiingia Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi ukasema slivu za Massey silinda tatu mwenye duka haulizi mara mbili. Atakachokuuliza ni unataka za bei gani. Kwa pistoni, ringi, metali za krenki na nozo usichukue za bei ya chini kabisa, pima krenki kwanza kwa mkerezaji uambiwe ni 10 au 20 ndo ununue metali, usinunue kwa kukisia. Vitu kama taa, geji, mafenda na boneti chukua za bei yoyote.

Ford spea zipo, 5600, 6600 na 6610 zilizofuata zinashirikiana nayo vitu vingi, lakini unasubiri, unatuma picha, unaletewa isiyo yenyewe. Kinachosaidia ni kujua trekta lako ni la lini. Nyuma ya stata, kwenye chuma cha nyumba ya klachi, sugua uchafu na brashi ya waya utakuta namba zimegongwa, ile ya tarehe inaanza na tarakimu ya mwaka halafu herufi ya mwezi, A ni Januari, B Februari na kuendelea. Ukiona 7 ni ya 1967, injini ndogo ya lita 3.8, ukiona 0 ni ya 1970 na injini kubwa, isipokuwa kama mtu alishabadilisha injini. Tundu la silinda la injini hizo mbili si saizi moja, kwa hiyo pistoni ukizinunua kwa jina la 5000 tu unaweza kuzirudisha.

Kuhusu kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, rangi nyekundu na kijivu ya Massey, bluu ya Ford, mimi nafurahi sana nikiona mtu anafanya hivyo na ningependa tuwe wengi, haya matrekta ndo yaliyolima mashamba yaliyotusomesha. Lakini rangi iwe ya mwisho kabisa, trekta lilime msimu mzima kwanza, livuje panapovuja, ukaze, ulioshe kwa dizeli na brashi, ndo upake. Na vile vibati vya namba usivipige rangi wala kuving'oa. Usikate mafenda ya zamani kwa sababu yameoza chini, fundi bati mzuri anaunga.

Kadi ya usajili je? Matrekta mengi haya yametoka kwenye mashirika na mashamba ya watu walioshaondoka, kadi imepotea au ina jina la marehemu. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi ukiwa umepiga magoti palepale kwenye trekta, kwenye Massey namba ya Perkins nyingi zinaanza na 152UA. Injini kubadilishwa siyo kosa ila iandikwe. Kama kadi haipo kabisa mwambie mwenyewe aishughulikie kwanza kwa jina lake, na hela yako ibaki mfukoni mpaka ailete.